Akiba Isiyofunguliwa

Wazee wetu wana msemo kwamba akiba haiozi. Nawaheshimu wazee, na misemo yao nimeifundisha darasani miaka mingi, lakini kwa huu mmoja naomba ruhusa ya kubishana nao. Kila mkulima wa Trans Nzoia ajua kuwa mahindi yaliyofungiwa ghalani yakiwa na unyevu hufanya ukungu, na yaliyo makavu huingiwa na fukusi, hata gunia likaonekana limejaa kwa nje ilhali ndani yake ni unga na maganda matupu. Mkulima mwenye busara haridhiki na kuhesabu magunia. Hutia mkono ndani, akachota, akatazama. Nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa akiba ya habari tunayoiweka siku hizi katika tarakilishi huoza vivyo hivyo, tena kwa kimya kikubwa zaidi. Na kwamba watu wengi waliokabidhiwa kuitunza, mashuleni, maafisini na hospitalini, huhesabu magunia tu.

Neno ninalolipiga vita ni fupi. Ni hili: "Nakala zipo." Mwulize karani nini kitatokea mashine yake ikiibiwa, atakujibu kuwa nakala zipo. Mwulize msimamizi wa mitambo katika kampuni kubwa, atakujibu hivyo hivyo, ila kwa maneno marefu zaidi. Jibu hilo hutolewa kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake, na aliyeuliza huona haya kuendelea. Mimi nakuomba usione haya. Uliza swali la pili: mara ya mwisho mlizirejesha lini? Utaona nyuso zikibadilika. Wengi hawajazirejesha hata mara moja. Wana ushahidi kwamba kitu fulani hupelekwa mahali fulani kila usiku, lakini hawana ushahidi kwamba kitu hicho chaweza kurudi kikawa kile kile kilichokwenda. Nasema basi, bila kulipunguza neno, kuwa mtu asiyewahi kurejesha nakala yake hana nakala. Ana tumaini, na tumaini si kitu cha kumwekea mwenzako amana.

Silisemi jambo hili kwa kiburi, maana mimi mwenyewe nimepata kulitamka neno hilo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, nami nilipewa, juu ya masomo yangu, kazi ya kuangalia tarakilishi za shule. Shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa mashambani, na wazazi wengi walilipa karo kwa mazao: gunia la maharagwe, magunia mawili ya mahindi, kuni za jikoni. Aliyelipa benki alikuwa na karatasi ya benki. Aliyeleta maharagwe alikuwa na neno la mhasibu tu, na neno hilo liliandikwa katika tarakilishi. Fundi kutoka mjini alitutengenezea seva ndogo iliyopiga picha ya mafaili yote kila saa, na kila usiku ikapeleka mabadiliko katika ghala la mbali kwa njia ya intaneti. Juu ya meza ya mhasibu palikuwa na skrini yenye alama ya kijani, na alama hiyo ilipowaka tulijua kazi ya usiku imekwisha salama. Radi ilipopiga usiku mmoja wa Aprili, diski zote mbili zikafa. Asubuhi mwalimu mkuu aliniita, nami nikamwambia mbele ya walimu wenzangu: "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Nakala zipo."

Ili uelewe yaliyotupata, hapana budi kwanza uelewe kazi yenyewe ifanywavyo. Chukua daftari. Tuseme una desturi ya kutofuta kamwe. Ukitaka kusahihisha ukurasa wa 12, huukwaruzi. Waandika ukurasa mpya mwishoni, mathalan wa 90, kisha katika orodha ya yaliyomo wabadili namba, ili asomaye ajue kuwa habari ile sasa iko ukurasa wa 90. Ukurasa wa 12 wabaki kama ulivyokuwa, ila orodha haiutaji tena, na siku moja waweza kutumiwa kwa habari nyingine. Sasa, kabla ya kuibadili orodha, inakili ile ya zamani na kuiweka kando, kisha uweke sharti kwamba ukurasa wowote unaotajwa na orodha hiyo usiguswe. Umekwisha kupiga picha ya daftari zima kwa muda wa kunakili orodha tu, wala kurasa zenyewe hukuzinakili. Hivyo ndivyo ifanyavyo mifumo ya mafaili kama ZFS, iliyoanza kutungwa katika kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2001 na kutolewa kwa watu mwaka 2005, na Btrfs iliyokuja baadaye. Mafundi huiita picha hiyo snapshoti. Hupigwa kwa kufumba na kufumbua, na mwanzoni haichukui nafasi ya kutajika. Ukifuta faili kwa bahati mbaya saa tano, picha ya saa nne yakurudishia. Ni ufundi mzuri kweli, nami sitaudharau.

Lakini tazama: orodha ya zamani pamoja na kurasa zake zote zi ndani ya daftari lile lile. Daftari likiungua, vyote vimeungua. Mtu awezaye kujisifu kuwa ana picha 700 katika diski yake anajisifu kwa kitu kimoja kilichohesabiwa mara 700. Radi haihesabu picha.

Kwa hiyo picha hutolewa nje. Amri ya ZFS iitwayo send husoma kurasa za picha mfululizo, zikatoka kama maji katika bomba. Na amri ya pili, receive, huupokea mkondo huo katika mashine nyingine na kulijenga daftari upya. Mara ya kwanza hutoka kurasa zote. Siku zifuatazo hutoka zile zilizobadilika tu tangu picha iliyotangulia, na kwa sababu hiyo kazi ya kila usiku huwa nyepesi. Asiye na mashine ya pili penginepo huuweka mkondo ghalani. Ghala la namna hii halina vyumba ndani ya vyumba kama kabati la afisi. Lina vitu, kila kitu kina jina lake, navyo vyote vimo katika chombo kimoja ambacho wenyewe hukiita ndoo. Wapeleka kitu pamoja na jina. Siku nyingine wataja jina, wapewa kitu. Amazon ilifungua ghala lake liitwalo S3 mnamo Machi 2006, na mengi yaliyofuata yalishika desturi zake. Sasa angalia sana neno hili: ghala halijui kilichomo ndani ya kitu ulichokipeleka. Kama ni hesabu za karo au ni takataka, kwake ni furushi lenye jina na uzito.

Mtego umo humo. Mkondo uliolazwa ghalani haujapokewa na receive, kwa hiyo haujapimwa na mwenye uwezo wa kuupima. Ikiwa biti moja imeharibika ndani yake, receive itaukataa mkondo wote. Haikupi nusu ya daftari kwa huruma. Na kwa kuwa kila mkondo wa mabadiliko husimama juu ya picha iliyoutangulia, ukiharibika mmoja katikati, yote inayoufuata haina pa kusimama, hata kama kila mmoja ni mzima kabisa.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Usiku mmoja wa Februari programu ya kusoma ilikufa katikati ya kazi kwa uhaba wa kumbukumbu katika mashine. Programu ya kupeleka, iliyokuwa upande wa pili wa bomba, iliona maji yamekatika, ikadhani yamekwisha, ikalifunga furushi na kulipa jina. Ghala likalipokea. Alama ya kijani ikawaka. Usiku wa pili yalipelekwa mabadiliko ya usiku wa pili, nayo yalikuwa kamili, yakikaa juu ya nusu furushi. Na hivyo usiku hata usiku, mpaka radi ilipopiga. Tulikuwa na mafurushi zaidi ya 60 yasiyo na kasoro, wala hayakutufaa kitu. Sisi hatukuwa tumelifungua hata moja. Tulitazama alama.

Yale ni majira ambayo maharagwe ya mvua za vuli yamekwisha kuvunwa, na wazazi walikuwa wameyaleta kwa wingi. Wote walioleta tangu usiku ule wa Februari walirudi kuwa wadeni. Halmashauri ya shule iliamua kuwa asiye na karatasi alipe. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyelelewa na nyanya yake, alikaa nyumbani majuma 5. Nyanya mwenyewe alikuja afisini kwa miguu, akasimama mlangoni, akatueleza hata rangi ya magunia aliyoyaleta. Nilijua asema kweli, kwa maana nilikuwapo yalipopimwa; lakini nilikuwapo pia yalipopimwa ya watu wengine wengi, na halmashauri haikutaka kumbukumbu za mwalimu, ilitaka maandishi. Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwani mashine imesema uongo?" Nilimwambia kuwa mashine imeharibika, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikuwa jibu.

Usidhani hayo ni ya shule maskini. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yenyewe ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilipotewa na hazina yake kuu ya data. Fundi aliyekuwa amechoka usiku alidhani yuko katika seva ya pili, kumbe alikuwa katika ile ya kwanza, akatoa amri ya kufuta. Alitanabahi baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4 na nusu hivi. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga. Waliitazama ndoo yao ya S3 waliyodhani ina nakala za kila siku, wakaikuta tupu. Programu iliyopaswa kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hazina ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo ilikataa kufanya kazi kila siku; na barua za kueleza kuwa imekataa nazo zilikataliwa njiani na mtambo wa barua pepe, kwa kukosa sahihi iliyotakiwa. Hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni picha moja ya diski ambayo fundi mmoja aliipiga kwa mkono wake saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa picha hiyo walirudi kazini baada ya saa 18 hivi, wakiwa wamepoteza kazi ya saa 6: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na watumiaji wapya kama 700. Nawasifu kwa jambo moja, nalo si dogo: hawakuficha. Waliandika kosa lao lote wazi, ndiyo maana mimi na wewe twaweza kulisoma.

Hapa msimamizi aliyesoma atanijibu kwa hesabu. Atasema maghala haya yamejengwa kwa uthabiti wa 99.999999999 kwa mia. Amazon wenyewe hufafanua kuwa aliyeweka vitu milioni 10 atarajie kupoteza kimoja kwa muda wa wastani wa miaka 10,000. Sibishani na hesabu hiyo. Naibisha inapotumiwa kuleta usingizi. Ahadi ya ghala ni kwamba hawatapoteza ulichowapa. Hawakuahidi kuwa ulichowapa kina faida. Ukiwapa kikapu kitupu watakitunza kikapu hicho kitupu kwa uaminifu mkuu, na wajukuu wako watakikuta kitupu vile vile. Nusu furushi letu la Februari halikupungua hata biti moja.

Mwingine atasema yeye hana haja ya ghala la mbali, maana aliyemkodishia seva humwekea na nakala. Mweleze habari za Strasbourg, Ufaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH, na sehemu ya jengo la jirani. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini wateja wengine waligundua siku hiyo kuwa nakala zao zilikuwa zimelala katika jengo lile lile lililowaka, na mmoja wao alikwenda mahakamani akashinda mwaka 2023. Alishinda fidia. Data haikurudi kwa hukumu.

Na yuko wa tatu, ambaye huyu hunikasirisha kuliko wote, asemaye kuwa data yake ni kubwa mno, hainakiliki. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulianza kwa betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Humo ilikuwamo hifadhi iitwayo G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliwekewa mafaili yao ya kazi, jumla terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya hapo, na sababu iliyotolewa ni ukubwa wake. Sasa piga hesabu pamoja nami. Kwa waya upitishao gigabiti 1 kwa sekunde, terabaiti 858 huchukua siku kama 80. Ndiyo, siku 80 ni nyingi, lakini ni mara moja tu. Baada ya hapo yapelekwa mabadiliko. Nchi yenye intaneti ambayo ulimwengu mzima waitamani haikukosa waya wa siku 80. Palikosekana mtu wa kuuliza swali, au aliuliza akanyamazishwa kwa neno "kubwa mno", jinsi watoto wanyamazishwavyo.

Hesabu hiyo hiyo yatuhusu sisi kwa upande wa pili, upande wa kurejesha, ambao watu huusahau. Tuseme hospitali ya wilaya ina terabaiti 1 ghalani, na waya wake wapitisha megabiti 20 kwa sekunde. Terabaiti 1 ni biti trilioni 8. Gawanya kwa milioni 20, wapata sekunde 400,000, yaani siku 4 na saa 15, ikiwa waya haukukatika na hakuna mtu mwingine autumiaye. Muda wote huo muuguzi asimame na kalamu akisubiri habari za mgonjwa? Na waya hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya na jirani zake ikadhoofika kwa siku kadhaa. Kuna maghala ya bei rahisi sana ambayo hayakupi kitu chako papo hapo: yale ya baridi kabisa ya Amazon huchukua mpaka saa 12 kukitoa, na ukichagua njia ya bei ya chini, mpaka saa 48. Fauka ya hayo, maghala mengi huchukua ada ndogo ya kuweka na ada nyingine ya kutoa. Mambo haya yote yameandikwa wazi na wenye ghala. Lakini asiyewahi kurejesha huyasoma kwa mara ya kwanza siku ambayo mkono watetemeka.

Nimeambiwa mara nyingi kuwa nawadai watu wa afisi ndogo mambo ya wakubwa. Siyo mimi niwadaiye. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, yamtaka atunzaye habari za watu ajali uwezo wa kuzirejesha kwa wakati yatokeapo madhara ya mitambo, na tena ahakikishe kuwa kinga alizoweka zafanya kazi kweli. Soma tena neno lililotumika. Kurejesha. Waliotunga sheria hawakuridhika na kunakili, nami sioni kwa nini sisi turidhike. Mama wa maharagwe alikuwa na haki hiyo, ijapokuwa hakuna aliyemwambia, na mimi niliyepaswa kumwambia sikuwa nimeisoma.

Kuhusu gharama, nakiri ipo. Lakini ni ndogo kuliko wasemavyo wasiotaka kufanya. Mashine kuukuu iliyotupwa stoo yatosha kuwa mahali pa kupokelea. Mlolongo wa mabadiliko usiachwe urefuke mwaka mzima. Kila mwezi utumwe mkondo mpya ulio kamili, ili usiku mmoja mbovu usiue miezi. Programu ya kupeleka ifungwe kwa namna ambayo ile ya kusoma ikifa, hii nayo ikatae kulifunga furushi. Ndoo iwekewe kufuli la muda, maana maghala mengi huruhusu kitu kifungwe kisifutwe na mtu yeyote hata mwenyewe mpaka tarehe fulani ipite, na wezi wa siku hizi huanza kwa kufuta nakala ndipo wadai fidia. Na kama habari zimefumbwa kwa ufunguo wa siri, kama zipasavyo kufumbwa, basi ufunguo huo usiwekwe ndani ya seva ile ile peke yake. Nimeona watu waliofungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku, tena watu wenye shahada.

Wewe uliye kidato cha pili waweza kudhani kuwa haya hayakuhusu bado. Una simu, au nduguyo anayo, na ndani yake mna picha za marehemu babu, au insha uliyoiandika kwa majuma mawili. Umeambiwa zimehifadhiwa mahali. Leo jioni azima simu nyingine, ingia, na ujaribu kuitoa insha moja. Ikitoka, soma mpaka mwisho wake, usiridhike kuona jina lake tu. Isipotoka, umelijua jambo hilo siku njema.

Katika shule ninayofundisha sasa twafanya hivi. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi wanachama wawili wa klabu ya tarakilishi hupakua picha ya mwisho kutoka ghalani na kuipokea katika mashine ya zamani iliyo maktabani. Ni gigabaiti 40, na kwa waya wetu huchukua saa 4 na nusu hivi. Huanza mapema, wakaenda darasani, wakarudi. Kisha mhasibu huvuta kura ya faili moja, akalifungua mwenyewe, akalilinganisha na daftari lake la karatasi mstari kwa mstari. Mara mbili tangu tuanze picha ilikataa kupokewa, na mara zote mbili seva ilikuwa hai bado, tukatuma nyingine siku hiyo hiyo. Mwezi uliopita picha ilipokewa bila shida, na kura iliangukia hesabu za mazao za muhula wa pili. Mistari yote ilipatana na daftari isipokuwa mmoja: gunia la mahindi lililoandikwa katika karatasi halikuwamo. Tulitazama katika seva yenyewe, na huko pia halikuwamo. Mhasibu alikuwa amesahau kuliingiza siku ya mvua, foleni ilipokuwa ndefu. Aliliingiza mbele yetu, kisha akaketi kumwandikia mzazi barua.